Mkwaju, Kinyota na Ritifaa: Kupanga Programu Ndogo ya Kuzalisha Tovuti ya Kamusi ya Kiiraqw na Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu kazi ambayo kwa kawaida wanaisimu huwaachia mafundi wa kompyuta: kupanga programu ndogo inayochukua matini yaliyoandikwa kwa alama za Markdown na kuyageuza kuwa kurasa za tovuti. Hoja yetu kuu ni kwamba kazi hiyo, inapohusu lugha zetu, ni kazi ya isimu kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Kila alama ambayo programu inaitafsiri kwa namna yake ni alama ambayo yamkini tayari ina maana yake katika othografia ya lugha fulani, au katika desturi ya wanaisimu ya kuandika mifano. Maana hizo mbili zikigongana, na mwanaisimu akiwa hakushirikishwa katika mpango, maana ya kompyuta ndiyo itakayoshinda, na itashinda kimyakimya.

Ili mjadala usibaki hewani, tutachukua mfano mmoja: kamusi ndogo ya Kiiraqw na Kiswahili inayokusudiwa kutumiwa na wanafunzi na walimu wa Dirma, eneo lililomo katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Kamusi hiyo tunaizungumzia kama mpango, si kama kitu kilichokwisha kutengenezwa.

2.0 Kwa nini Dirma?

Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka mkoa wa Arusha mwaka 2002. Wilaya za Mbulu na Hanang zimo katika sehemu adimu ya Afrika ambapo lugha za nasaba nne hukutana. Kiiraqw, ambacho wengine hukiita Kimbulu, ni lugha ya Kikushi, sawa na jirani yake Kigorwaa. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti. Kihadza, kinachosemwa pia katika bonde la Yaeda, kina sauti za kidoko na hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kiswahili, lugha ya shule na ofisi, ni cha jamii ya Kibantu.

Wanataaluma wa Kiswahili hawakuanza leo kulitazama eneo hili. W. H. Whiteley, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu kuinuka kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa, aliandika mwaka 1958 maelezo mafupi ya sarufi ya Kiiraqw. Mwaka 1993 Maarten Mous alichapisha sarufi kamili ya lugha hiyo huko Hamburg. Mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza huko Köln. Hapa nyumbani, Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009.

Hizi ni kazi za thamani kubwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari wa Dirma anayetaka kujua maelezo ya neno la lugha ya mama yake hupata maelezo hayo kwa Kiingereza, katika vitabu vilivyochapishwa Ujerumani. Swali letu basi ni hili: ni njia gani nyepesi na ya kudumu ya kumfikishia maelezo hayo kwa Kiswahili, katika simu yake au katika kompyuta ya shule isiyo na intaneti?

3.0 Tovuti tuli na Markdown ni nini?

Tovuti nyingi za leo hutengeneza ukurasa pale msomaji anapouomba. Seva hupokea ombi, huchota taarifa katika hifadhidata, huziunganisha, kisha hutuma ukurasa. Mfumo huo una nguvu, lakini unahitaji mtu wa kuutunza na wa kuulipia kila mwezi. Mradi wa utafiti unapokwisha na fedha zake zikaisha, hifadhidata huzimwa na kamusi hutoweka pamoja nayo.

Tovuti tuli hufuata njia nyingine. Kurasa zote hutengenezwa mara moja, kabla ya msomaji yeyote kufika, na kuhifadhiwa kama mafaili ya kawaida ya HTML. Seva haifikirii chochote. Hutoa tu faili lililoombwa. Faili hilohilo laweza kunakiliwa katika diski ya mkononi, likapelekwa shuleni na kufunguliwa kwa kivinjari bila mtandao. Programu inayotengeneza kurasa hizo ndiyo tunayoiita kizalisha tovuti. Vipo vizalisha tovuti vinavyojulikana sana, kama Jekyll kilichoanza mwaka 2008 na Hugo kilichoanza mwaka 2013, lakini kanuni zake ni chache kiasi kwamba mwanafunzi aliyejifunza misingi ya uandishi wa programu anaweza kujitengenezea chake.

Markdown ni utaratibu wa kuandika matini ya kawaida kwa kutumia alama chache zilizoko kwenye kibodi. John Gruber aliutangaza mwaka 2004, kwa msaada wa Aaron Swartz. Alama ya reli mwanzoni mwa mstari huashiria kichwa cha habari. Neno lililozungukwa na vinyota huchapishwa kwa mlazo. Kistari au kinyota kinachofuatwa na nafasi mwanzoni mwa mstari huanzisha orodha. Kwa kuwa maelezo ya Gruber yaliacha mambo kadhaa bila kuamuliwa, mwaka 2014 ulitolewa ufafanuzi makini zaidi uitwao CommonMark. Katika mhadhara huu tunafuata kanuni za CommonMark.

Faida ya Markdown kwa mwanaleksikografia ni kwamba faili la asili husomeka hata bila programu yoyote. Mwalimu anaweza kulifungua, kulisahihisha na kulirudisha. Programu ikipitwa na wakati, matini hubaki.

4.0 Hatua za programu

Programu tunayoikusudia itakuwa na hatua sita:

(i) kusoma mafaili yote yaliyomo katika folda ya vitomeo, kila kitomeo faili lake;
(ii) kutenga maelezo ya awali yaliyo juu ya faili na matini yanayofuata;
(iii) kugeuza matini kutoka Markdown kuwa HTML;
(iv) kuyaingiza matini hayo katika kiolezo, yaani umbo la ukurasa lililo moja kwa vitomeo vyote;
(v) kuandika faili jipya katika folda ya matokeo;
(vi) kutengeneza faharasa mbili, moja ya Kiiraqw na nyingine ya Kiswahili.

Hatua hizi ni nyepesi kuzitaja. Sasa tuone jinsi kila moja inavyodai uamuzi wa kiisimu.

5.0 Maamuzi ya kiisimu

5.1 Maelezo ya awali

Juu ya kila faili patakuwa na mistari michache: kidahizo, lugha, aina ya neno, wingi, maana. Mpangaji aliyezoea Kiswahili ataweka pia nafasi ya ngeli. Lakini Kiiraqw hakina ngeli. Nomino zake zimegawanyika katika jinsia tatu za kisarufi, na mara nyingi umoja na wingi wa nomino ileile huwa na jinsia tofauti. Kwa hiyo nafasi moja ya jinsia haitoshi. Zinahitajika mbili, ya umoja na ya wingi. Kiolezo kilichonakiliwa kutoka kamusi ya Kiswahili kitalazimisha lugha nyingine ivae nguo isiyo yake, na mwenye kujaza nafasi hizo atazijaza kwa kubahatisha.

5.2 Jina la faili na mkwaju

Katika othografia inayotumika katika sarufi na kamusi tulizozitaja, mkwaju (/) ni konsonanti. Huwakilisha sauti ya koromeo inayofanana na 'ayn ya Kiarabu. Herufi hh huwakilisha mwenzake asiye ghuna, na ritifaa (') huwakilisha kituo cha glota, kama katika do', nyumba, na ma'ay, maji.

Kwa kompyuta, hata hivyo, mkwaju si herufi. Ni alama inayotenga folda na kilichomo ndani yake. Programu ikiagizwa kuandika faili ambalo jina lake lina mkwaju katikati, itadhani sehemu ya kwanza ni folda, na kwa kuwa folda hiyo haipo, itagoma. Fundi asiyejua Kiiraqw atatatua tatizo kwa kufuta mkwaju. Hapo ndipo hasara itakapoingia: maneno mawili yanayotofautiana kwa konsonanti hiyo tu yatapata jina moja la faili, na la pili litaandikwa juu ya la kwanza. Kamusi itakuwa imepoteza neno bila kutoa onyo lolote.

Kanuni tunayopendekeza ni kwamba ubadilishaji wa herufi katika majina ya mafaili uwe wa moja kwa moja na unaoweza kurudishwa nyuma. Vijana wanaoandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini katika simu wamekwisha kutuonyesha njia: huandika 3 badala ya 'ayn na 2 badala ya hamza. Nasi tunaweza kuweka 3 mahali pa mkwaju na 2 mahali pa ritifaa, katika jina la faili pekee. Kwa hiyo lahhoo', sita, litahifadhiwa kama lahhoo2.html, na ng'ombe kama ng2ombe.html. Ndani ya ukurasa, neno litaonekana kwa tahajia yake kamili. Aidha, programu ikikuta majina mawili yanayofanana, isimame na iseme, isiendelee.

5.3 Kinyota

Wanaisimu huweka kinyota mbele ya tungo isiyokubalika. Mwandishi akianza mstari kwa kuandika

* Watoto anacheza.

Markdown itaona kinyota kinachofuatwa na nafasi, itakifuta, na kuweka nukta ya orodha mahali pake. Matokeo yake ni kwamba tungo iliyotolewa kama mfano wa kosa itaorodheshwa kama tungo sahihi. Hapa alama haikuharibika tu. Maana yake imegeuzwa. Dawa ni mbili: kutoacha nafasi baada ya kinyota, au kukitanguliza mkwaju wa nyuma (\*), ambao huiambia programu iache alama kama ilivyo. Lakini ni salama zaidi kuwa na nafasi maalumu ya mifano katika maelezo ya awali, isiyopitishwa kwenye kigeuzi cha Markdown.

5.4 Mabano ya pembe

Hatari kubwa kuliko zote imo katika mabano ya pembe. Katika isimu, mabano hayo huonyesha kwamba tunazungumzia herufi, si sauti. Tunaandika kwamba herufi <sl> huwakilisha kikwamizo cha kando, kama katika slee, ng'ombe, na kwamba <hh> husikika mwishoni mwa tsiyahh, nne. Lakini HTML nayo huandika amri zake ndani ya mabano ya pembe, na Markdown huziruhusu zipite. Kivinjari kikikuta <sl> au <hh> hakitambui amri hiyo, hivyo hakionyeshi kitu. Msomaji ataona sentensi isemayo kwamba "herufi huwakilisha kikwamizo cha kando", bila kujua ni herufi gani.

Mbaya zaidi ni pale herufi inapolingana na amri ya kweli. <b> hufanya maneno yanayofuata yawe ya wino mzito. <S> huyakata kwa mstari. Na <q>, ambayo katika Kiiraqw ni herufi ya sauti ya kidakatonge, huyafungulia alama za kunukuu. Makala ya fonolojia ya Kiiraqw yaweza kuingia katika programu yakiwa timamu na kutoka yakiwa yamekatwa mistari nusu nzima. Kwa hiyo katika programu yetu HTML ndani ya matini izuiwe kabisa, na mabano ya pembe yageuzwe kuwa alama za kuonekana tu.

Mabano ya mraba yana shida ndogo zaidi. Mwandishi akiandika [ŋ](nazali) bila kuacha nafasi kati ya mabano mawili, atakuwa ametengeneza kiungo cha kwenda kwenye ukurasa uitwao "nazali". Akiacha nafasi, hakuna madhara.

5.5 Ritifaa

Vigeuzi vingi vina uwezo wa "kupamba" alama za uandishi: ritifaa iliyonyooka hugeuzwa kuwa alama ya kunukuu iliyopinda. Katika Kiingereza hilo ni pambo tu. Katika Kiswahili, ritifaa ni sehemu ya herufi ng'. Katika Kiiraqw, ni konsonanti kamili. Pambo hilo likiruhusiwa, konsonanti moja itakuwa na sura tatu: iliyonyooka, iliyopinda kulia na, ikiwa mwanzoni mwa neno, iliyopinda kushoto. Mwanafunzi atakayetafuta ng'ombe kwa ritifaa ya simu yake huenda asilipate neno lililomo mbele ya macho yake.

Mfumo wa Unicode una ritifaa ambayo imeainishwa kama herufi, si kama alama ya uandishi, nayo ina namba U+02BC. Tunapendekeza ukurasa utumie herufi hiyo, pambo lizimwe, na utafutaji ukubali sura zote. Jambo hilohilo lahusu toni. Herufi á yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama a ikifuatwa na alama ya mkazo. Machoni ni moja, kwa kompyuta ni mbili. Programu iyageuze maandishi yote kuwa ya namna moja mara tu inapoyasoma.

5.6 Mpangilio wa kialfabeti

Kompyuta isipoelekezwa hupanga maneno kwa namba za herufi zake. Ritifaa iliyonyooka na mkwaju hutangulia a. Á huja baada ya z. Kwa mpangilio huo maneno yote yanayoanza kwa mkwaju yatarundikana kabla ya alfabeti, kana kwamba si maneno, na neno linaloanza kwa irabu ya toni litatupwa mwisho. Mwanaleksikografia lazima aamue: je, hh, sl, tl na ts zihesabiwe kama herufi moja moja, zenye sehemu zake katika kamusi? Mkwaju ukae wapi? Majibu yaandikwe katika jedwali dogo ambalo programu italisoma. Jedwali hilo ni kauli ya kitaaluma kuhusu alfabeti ya Kiiraqw, hata kama linaonekana kuwa mpangilio wa kiufundi.

5.7 Kuitaja lugha

Kila ukurasa wa HTML unaweza kutaja lugha yake kwa msimbo. Kiswahili ni sw. Katika orodha ya ISO 639-3, Kiiraqw ni irk, Kigorwaa gow na Kidatooga tcc. Ukurasa wa kamusi yetu utakuwa sw kwa jumla, na kila neno la Kiiraqw litatajwa kuwa irk. Faida yake ni kwamba programu zinazowasomea wasioona zitaweza kujua mahali lugha moja inapokwisha na nyingine inapoanza. Ukurasa usiotaja lugha hukisiwa, na lugha ndogo hazikisiwi vema.

6.0 Kumfikia msomaji

Imebaki hatua moja ambayo hutokea kusahauliwa. Viungo kati ya kurasa huweza kuandikwa kwa njia mbili: kuanzia mzizi wa tovuti, au kuanzia ukurasa wenyewe. Kiungo cha kwanza huanza kwa mkwaju, nacho hufanya kazi vizuri kwenye seva. Lakini tovuti hiyo ikinakiliwa katika diski ya mkononi, mkwaju huo humaanisha mzizi wa diski, na viungo vyote hukatika. Kamusi iliyokusudiwa kufika shule isiyo na intaneti lazima itumie viungo vya aina ya pili. Hili si suala la mtindo. Ndilo litakaloamua kama mwanafunzi wa Dirma atafungua ukurasa wa pili au ataishia wa kwanza.

Tovuti tuli ina mipaka yake. Haimruhusu msomaji kuongeza neno papo hapo. Sahihisho lazima lipitie kwa mwenye mafaili, kisha tovuti izalishwe upya. Kwa kamusi, ucheleweshaji huo una faida yake, maana kila sahihisho hupitiwa na jicho la pili. Aidha, kwa kuwa mafaili haya hunakilika kwa urahisi, kisichotakiwa na wenye lugha kuenea, mathalani maneno ya matambiko, kisiwekwe humo tangu mwanzo. Faili lililokwisha kunakiliwa halirudishwi.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2004, ambapo Gruber alitangaza Markdown, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuzindua programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi hizo mbili za hapa nyumbani zilionyesha kwamba tunaweza kuitungia lugha yetu istilahi na vyombo. Kazi inayofuata ni kuhakikisha kwamba vyombo tunavyovichukua kutoka kwingine havizifuti herufi za lugha zilizo jirani na Kiswahili.

Tumeona kwamba programu yenye hatua sita tu inadai maamuzi saba ya kiisimu. Yote saba yaweza kuandikwa katika kurasa mbili za karatasi kabla ya mstari wa kwanza wa programu. Tunawashauri wanafunzi wa isimu na wa kompyuta wakae pamoja na kuziandika kurasa hizo mbili kwanza, kwa Kiswahili, wakiwa na mzungumzaji wa Kiiraqw mezani. Kisha wafanye jaribio moja: waandike faili lenye mkwaju, kinyota, ritifaa, herufi yenye toni na <q>, walipitishe katika programu, na walinganishe kilichoingia na kilichotoka, herufi kwa herufi. Programu itakayofaulu jaribio hilo kwa Kiiraqw itaweza kuaminiwa na Kigorwaa, Kidatooga na Kiswahili chenyewe.